Nyonga ya Dani, na Dawa Iliyotangulia Uhuru

Kutoka mlangoni kwa Dani hadi kibanda chake katika soko la Jericho ni hatua mia tatu na kitu. Najua kwa sababu siku moja nilizihesabu, nikitembea nyuma yake huku nikijifanya nasoma simu. Kila alipokanyaga kwa mguu wa kulia, mwili wote ulianguka upande huo, kisha ukajivuta kurudi juu, kama matatu iliyokatika springi ya upande mmoja. Mtaani tulishazoea. Watoto wa laini yetu humtambua nyanya yangu kwa mwendo kabla hawajaona sura.

Kwa karibu miaka minne tulikuwa tunatibu goti. Goti ndilo lililomuuma, kwa hivyo goti ndilo lililochuliwa, likafungwa bandeji, likapakwa kila dawa inayouzwa ndani ya matatu za Jogoo Road. Kliniki moja ikalipiga eksirei, likaonekana si baya kwa umri wake, akaandikiwa vidonge vya maumivu na kupewa neno moja la kwenda nalo nyumbani: uzee. Akina mama wenzake sokoni walikuwa na neno lao: baridi. Imeingia kwa mifupa, walisema, avae soksi.

Mpaka siku kijana mmoja wa fizio alipomlaza chali, akamkunja goti, halafu akaupeleka mguu wa chini upande wa nje polepole ili paja ligeuke ndani. Dani alipiga yowe watu wa nje wakasikia. Kijana akasema kwa upole, “Nyanya, goti lako liko sawa. Nyonga ndiyo imeisha.” Kumbe neva zinazohudumia nyonga huteremka mpaka gotini, na ubongo huweza kukosea anwani. Mtu anaumwa nyonga, yeye anashika goti. Eksirei ya pili ikathibitisha: gegedu la nyonga ya kulia limelika, mfupa unasaga mfupa. Daktari akasema nyonga inaweza kubadilishwa. Dani akasema hapana.

“Pesa ya mzee ni ya mazishi, mjukuu wangu,” aliniambia. “Ya kuishi mpe mtoto.”

Mimi si daktari. Hata digrii niliiacha njiani. Nilianza kusoma ili nipate hoja za kumshawishi, na nilichokutana nacho kilikuwa historia. Niligundua kwamba karibu kila tulichokuwa tukimwambia Dani kuhusu mguu wake kimeshawahi kusemwa na watu wengine, mahali pengine, kuhusu miili mingine. Na mara nyingi walikosea.

Kabla ya vitabu nilienda kwa fundi. Nilimwonyesha fundi magari mmoja wa hapa mtaani picha ya ile eksirei kwenye simu. Hakuuliza ni ya nani. Akaivuta ikawa kubwa kwa vidole vyenye grisi, akasema, “Hii boljointi imekula. Upande huu kuna nafasi. Huu mwingine chuma inagusa chuma.”

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Nyonga ni mpira ndani ya kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa paja; kikombe kimechongwa kwenye mfupa wa kiuno. Kati yao kuna gegedu, laini na telezi, na maji mazito kidogo yanayofanya kazi ya grisi. Ukitembea, kila unaposimama kwa mguu mmoja, misuli ya pembeni hukaza ili usianguke, na mkazo huo pamoja na uzito wako hukandamiza kiungo kwa nguvu ya karibu mara tatu ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anaweza kuweka zaidi ya kilo 150 juu ya nyonga moja, hatua baada ya hatua, na hajabeba kitu.

Tofauti na gari ni kwamba gegedu liko hai. Lakini halina mishipa ya damu, kwa hivyo hujikarabati vibaya sana. Halina neva pia, kwa hivyo huanza kulika kimya kimya. Maumivu huja baadaye, wakati mfupa wa chini, utando wa kiungo na misuli vimeshaingia kwenye vita. Mwili hujaribu kusaidia kwa kuotesha vijipembe vya mfupa kando ya kikombe, na ndipo mtu anashindwa kuvaa kiatu, kukata kucha za miguu, kuchuchumaa chooni. Dani aliacha kuvaa viatu vya kamba kitambo. Sisi tulidhani amependa malapa.

Sasa neno baridi. Kiswahili kina jina la zamani la maradhi ya viungo: baridi yabisi. Yabisi ni kukauka, neno lililotoka Kiarabu. Jina lenyewe limebeba fundisho zima la tiba ya kale ya Wagiriki, iliyokuzwa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu kama Ibn Sina na kusafiri hadi pwani yetu: kwamba mwili una joto na baridi, umajimaji na ukavu, na ugonjwa ni mizani kuharibika. Kiungo kilichokakamaa kimezidiwa na baridi na ukavu, kwa hivyo mpe mtu joto na mafuta. Si ujinga. Joto kweli hulegeza misuli, na asubuhi ya Julai Nairobi kila kiungo kibovu hulalamika. Lakini baridi haili gegedu. Mama wa sokoni anayemwambia Dani avae soksi anarudia somo la zaidi ya miaka elfu moja bila kujua alilipata wapi, na kwa karne hizo zote somo hilo halikuwahi kuuliza mtu amebeba nini.

Neno la pili, uzee, lina kisa chake. Mwaka 1908, katika pango la La Chapelle-aux-Saints huko Ufaransa, yalipatikana mabaki ya mtu wa kale wa jamii ya Neanderthal. Mwanasayansi Marcellin Boule aliyachunguza na kumchora akiwa ameinama, magoti yamepinda, shingo mbele, nusu mtu nusu nyani. Picha hiyo iliingia vitabuni na kukaa. Mwaka 1957 wataalamu wawili, William Straus na A.J.E. Cave, waliirudia mifupa ile wakaona jambo jingine: huyu alikuwa mtu mzima aliyeliwa na yabisi ya viungo. Uti wa mgongo wake umechakaa, na nyonga yake ya kushoto nayo ina alama za kulika. Akiwa mzima, walisema, angesimama wima kama sisi. Boule alikuwa amechukua mwendo wa mgonjwa mmoja, akaufanya maumbile ya jamii nzima.

Nilipokisoma kisa hicho nilimkumbuka yule wa kliniki. Ni kweli umri huongeza hatari. Lakini mtu akisema “uzee” halafu akafunga faili, amefanya alichofanya Boule. Ameona mwendo akadhani ndivyo mtu alivyo. Mbona nyonga ya kushoto ya Dani, iliyozaliwa siku moja na ya kulia, bado inafanya kazi?

Kuna neno la tatu ambalo hakuna aliyelitamka: mzigo.

Dani aliingia Jericho akiwa bibi harusi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa zaidi ya miaka thelathini alifika Marikiti kabla ya jua, akarudi na viazi, vitunguu, kabichi, na kati ya gari na kibanda hakukuwa na mtu wa kumbebea. Maji yakikatika, alibeba mtungi wa lita 20. Mwaka 1992 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi kuhusu wakulima wanaume wa huko, wakaonyesha kwamba waliolima miaka mingi walikuwa na nyonga zilizochakaa mara nyingi zaidi kuliko waliofanya kazi ya kuketi. Kunyanyua vitu vizito mwaka baada ya mwaka ndiko kulikoshukiwa. Yaani ni ugonjwa wa kazi, kama vumbi kwenye pafu la mchimba migodi.

Na kama ni ugonjwa wa kazi, basi Eastlands ni mahali pa kuuandikia historia. Panda matatu hadi Kariokor. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kilichotamkwa kwa ndimi zetu. Mamia ya maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki waliandikishwa, wengi kwa nguvu, kubeba chakula na risasi za vita visivyokuwa vyao. Hesabu rasmi ya waliokufa inapita 40,000, wengi kwa maradhi. Kabla yao walikuwepo wapagazi wa misafara, Wanyamwezi na wengine, waliotembea kutoka bara hadi Bagamoyo na Mombasa kila mmoja na frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, kichwani au begani. Waliokufa tumewahesabu, angalau kwa makadirio. Waliorudi nyumbani wakichechemea hawakuhesabiwa. Kule kijijini nao bila shaka waliambiwa ni baridi.

Wataalamu nao walikuwa na lao. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Afrika Kusini waliochunguza Waafrika wa vijijini waliripoti kwamba kuchakaa kwa nyonga ni nadra sana kwao kuliko kwa Wazungu. Tafiti nyingine za bara hili zimeelekea huko huko: kwetu goti huisha sana, nyonga kidogo. Na sababu moja inayopendekezwa itamfurahisha kila aliyelelewa mgongoni kwa leso. Nyonga nyingi za Ulaya huisha mapema kwa sababu kikombe hakikukaa vizuri tangu utotoni. Mtoto anayebebwa mgongoni, miguu imepanuka kumkumbatia mama, huusukuma mpira wa nyonga katikati ya kikombe wakati mifupa bado laini. Japani, ambako watoto walizoea kufungwa nguo miguu imenyooka, kampeni ya kuacha desturi hiyo iliyoanza mwaka 1975 ilipunguza sana watoto wenye nyonga zilizoteguka. Shosho zetu walikuwa wanajenga nyonga bila kujua.

Tatizo ni jinsi “nadra” inavyogeuka kuwa “haipo.” Ukiamini nyonga ni ugonjwa wa Wazungu, utapiga eksirei ya goti. Tena zipo njia nyingine za kufika palepale. Malawi ilianzisha rejista ya kitaifa ya viungo bandia mwaka 2005, na ripoti zake za mwanzo zilionyesha kwamba sababu kubwa ya kubadilishiwa nyonga huko haikuwa kuchakaa kwa kawaida bali kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja baada ya kukosa damu. Hilo huweza kuletwa na selimundu, pombe nyingi, au dawa za steroidi zinazotumiwa muda mrefu. Kisha nyonga iliyokufa hivyo huporomoka na kuchakaa. Wagonjwa wa aina hii mara nyingi ni watu wa umri wa kufanya kazi. Kwa hivyo kama una miaka 29, unaumwa kwenye kinena na unachechemea, usikubali kuambiwa ulilala vibaya.

Sasa tuje kwenye ukarabati, sehemu iliyonikosesha usingizi. Mmoja wa watu wa kwanza kuweka nyonga bandia alikuwa Themistocles Gluck wa Berlin, mwaka 1891. Aliitengeneza kwa pembe ya ndovu. Miaka hiyo Unguja ilikuwa soko kubwa mno la pembe, zilizofika pwani juu ya mabega ya wapagazi wale wale niliowataja, kisha zikaenda Ulaya na Marekani kuwa vibonye vya piano na mipira ya biliadi. Viungo vya Gluck havikudumu. Wagonjwa wake wengi walikuwa na kifua kikuu cha mifupa, na usaha ukashinda. Lakini nilikaa na wazo hilo muda mrefu: pembe inatua Berlin na kuwa nyonga ya mtu, na aliyeibeba yuko kwao anajichua na mafuta.

Waliofuata walijaribu kila kitu. Marius Smith-Petersen wa Boston alitumia kikombe cha kioo mwaka 1923, kikavunjika. Ndugu wawili wa Paris, Jean na Robert Judet, walitumia plastiki ngumu ya akriliki baada ya Vita vya Pili. Mgonjwa mmoja aliyewekewa aina hiyo alikuwa akilia nyonga, kwii kwii, kila akiinama, hadi mkewe akawa hawezi kukaa naye. Kisa hicho kilimfikia daktari Mwingereza, John Charnley, ambaye alielewa kwamba shida ni msuguano. Fundi wa Jericho angemwambia hivyo hivyo bure.

Charnley alifanya kazi katika hospitali ya Wrightington, kaskazini mwa Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kutumia mpira wa chuma ndani ya kikombe cha Teflon, ile ya sufuria zisizoshika chakula. Wagonjwa walitembea, wakafurahi. Baada ya miaka michache Teflon ikalika, unga wake ukachoma mwili, na wagonjwa karibu mia tatu wakahitaji kupasuliwa tena. Charnley aliwapasua mwenyewe.

Aliyemtoa shimoni alikuwa fundi. Harry Craven alikuwa akiendesha karakana ya Charnley, na siku moja mwaka 1962 akaja muuzaji na kipande cha plastiki nyingine, polithini nzito, iliyotumika kwenye gia za mashine za kufuma nguo. Charnley aliikwaruza kwa ukucha na kuondoka, haikumvutia. Craven hakuitupa. Bosi aliposafiri, aliifunga kwenye mashine ya kupima msuguano, akaiacha izunguke usiku na mchana. Baada ya wiki tatu ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon inavyolika kwa siku moja. Charnley alirudi, akaona, na kwanza akajidunga vipande vya plastiki zote mbili kwenye paja lake kuona mwili utazikataa au la. Teflon ilimvimbisha; polithini ikatulia. Novemba 1962 alianza kuwawekea wagonjwa. Aliwaomba pia wakubali kwamba wakifa, nyonga zao zirudishwe kwake azikague. Upasuaji wa leo umejengwa juu ya ule. Zaidi ya nusu ya nyonga hizi hudumu miaka 25.

Novemba 1962. Tulia na tarehe hiyo. Hospitali ya Kenyatta ilikuwa bado inaitwa King George VI. Uhuru ulikuwa zaidi ya mwaka mmoja mbele. Eastlands, baraza la jiji lilikuwa linajenga nyumba za Waafrika katika miaka iyo hiyo, Jerusalem, Jericho, na mitaa iliyobeba jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa wakati wa Hali ya Hatari. Kuta zilizomlea baba yangu na dawa ya mguu wa mama yake ni rika moja. Tulirithi kuta.

Leo upasuaji huu unafanyika Kenya, Kenyatta, Kikuyu, Kijabe na kwingineko. Si uchawi tena. Kilichobaki ni pesa. NHIF ilianza mwaka 1966 na watu wenye mshahara. Mama wa viazi hakuwa akilini mwa mtu. Oktoba 2024 ikaja SHA. Kwa hesabu tuliyopewa, bima ikishatoa sehemu yake bado tunadaiwa laki kadhaa, ndiyo maana tuko kwenye kundi la WhatsApp lenye watu kumi na wanne na ahadi nyingi. Pesa inaweza kuchangwa, pole pole. Ile imani kwamba mguu wake ni wa kutupwa ndiyo ngumu kuichangia.

Wakati tunasubiri, yapo ya kufanya. Fizio amempa mazoezi ya kuimarisha misuli ya pembeni ya nyonga, kwa sababu kulala tu huua misuli na kuongeza maumivu. Vidonge hatumezi kiholela tena. Vya aina ile vikizoeleka huchoma tumbo, huumiza figo na kupandisha presha. Na kuna fimbo. Dani aliishika mkono wa kulia, upande wa maumivu, kama watu wengi. Ni makosa. Fimbo hushikwa mkono wa upande mzima, ili ipunguze kazi ya misuli inayokandamiza nyonga mbovu. Kikapu nacho, kama lazima kibebwe, kikae mkono wa upande unaouma. Inasikika kinyume, lakini ni mizani.

Jumapili iliyopita nilimweleza haya yote akichambua omena. Nilimwambia habari za wapagazi, za pembe, za Craven na plastiki yake. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipomaliza aliuliza, “Hiyo plastiki ilianza mwaka gani, ulisema?”

“Sitini na mbili, Dani.”

Akahesabu kimoyomoyo. “Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa naruka kamba.”

Akanyamaza kidogo, akaendelea kutoa mawe kwenye omena. Halafu akanyoosha mkono nimpe fimbo, akaitazama, akaihamishia mkono wa kushoto na kuinuka.

“Niulizie daktari nafasi ya kwanza ni lini,” alisema. “Lakini usiende kuwaambia wenzako nimekubali. Kuuliza si kukubali.”